Chagua matairi ya pikapu kwa kuzingatia mzigo, si sura

WAKULIMA, wafugaji na wafanyabiashara wengi humu nchini hawana gari jingine ila pikapu. Asubuhi hupeleka maziwa, mchana hubeba saruji, na Jumapili huisafirisha familia hadi kanisani. Kwa siku moja gari hilo huweza kupita katika lami, murram na matope, ilhali linaloligusisha na ardhi ni matairi manne tu.

Ajabu ni kwamba wengi huyachagua matairi hayo kwa macho. Lenye meno makubwa zaidi ndilo huonekana kuwa la kiume, na hununuliwa hata na mtu ambaye safari yake ya kila siku ni kutoka Thika hadi Nairobi. Wengine huangalia bei pekee. Pande zote mbili husahau maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi, ambayo ndiyo yenye habari muhimu.

Tuchukue mfano wa tairi la kawaida la Toyota Hilux lililoandikwa 265/65R17 112S. Nambari ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili huonyesha kuwa kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, nayo 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Wauzaji wengi huishia hapo. Lakini 112 ni kipimo cha mzigo: tairi hilo moja laweza kuhimili kilo 1,120. Herufi S inaashiria mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa.

Sasa hebu fikiria muuzaji anayekupa tairi la ukubwa huo huo lakini lenye nambari 104, kwa bei nafuu. Hilo huhimili kilo 900 tu. Matairi mawili ya nyuma, ambayo hubeba sehemu kubwa ya mzigo, yatakuwa yamepunguza uwezo wao kwa kilo 440, na gari kwa nje halina tofauti yoyote. Anayebeba mawe, mahindi au miraa hana budi kuisoma nambari hii kabla ya kutoa pesa. Iwapo mzigo ni wa kila siku, atafute matairi yenye alama ya C au LT, yaliyoundwa kwa magari ya kazi. Hata hivyo, tairi imara haliondoi kikomo cha uzani kilichowekewa gari lenyewe.

Kinachopasua tairi mara nyingi ni joto, na joto huletwa na mambo matatu yanapokutana: mzigo mkubwa, upepo mdogo na mwendo wa kasi. Ubavu wa tairi lisilo na upepo wa kutosha hupinda na kukunjuka katika kila mzunguko hadi nyuzi za ndani zikachoka. Kwa hivyo pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, matairi yakiwa baridi, kwa kuwa yakishapata moto kipimo hupanda na kukudanganya. Kiwango kinachofaa kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva, na aghalabu kuna kiwango cha gari tupu na cha gari lililojaa. Nunua kipimo chako mwenyewe, kwani vile vya vituo vya petroli haviaminiki daima.

Umri nao huua. Alama ya DOT huishia kwa tarakimu nne: 3521 ina maana ya wiki ya 35 ya mwaka wa 2021. Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua matairi yaliyong'aa kama mapya, kisha akagundua nyumbani kwamba yalikuwa yamekaa dukani miaka saba. Watengenezaji wengi hupendekeza tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na lisitumike kamwe likipita miaka 10, hata kama meno yangalipo.

Na meno je? Kwa dereva anayetumia lami zaidi na kuingia murram kila wiki, tairi la matumizi mseto, lenye alama A/T, ndilo bora. Lile la matope, M/T, lina mianya mipana ya kutupa tope na humfaa anayeishi kwenye udongo mweusi wa Mwea au nyanda za Kano. Katika lami hupiga kelele, hula mafuta, na halishiki breki vyema kunaponyesha. Chagua kwa njia unayopita siku nyingi, wala si kwa ile siku moja mbaya ya Aprili.

Kwenye mchanga, kama ule wa kingo za Chalbi, punguza upepo ili tairi litandazike, uende polepole, kisha ulijaze tena ufikapo barabara ngumu. Usifanye hivyo kwenye mawe makali ya volkeno ya Marsabit, kwani ubavu uliolegea hukatwa kwa urahisi.

Baada ya safari ngumu, ingia chini ya gari. Kagua springi na shokamzoba, kisha utie grisi kwenye viungo vya shafti. Ukivuka mto wenye kina, angalia oili ya difu. Ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na sharti imwagwe. Chujio la hewa lipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Kwa pikapu nyingi, usitumie magurudumu yote manne kuendesha gari kwenye lami kavu, maana gia na shafti huumia. Badilisha nafasi za matairi kila baada ya kilomita 10,000 hivi, na nati zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100.

Mwisho ni tairi la akiba. Katika pikapu nyingi huning'inia chini ya gari, likila vumbi na tope, na mnyororo wake hushika kutu. Literemshe kila baada ya miezi mitatu, ulipime upepo, upake grisi kwenye mnyororo, na uhakikishe jeki yako yaweza kuliinua gari likiwa na mzigo.