King'amuzi au kigeuzi? Somo la fundi wa Kombani

Juma lililopita nilikuwa Kombani, pale njia ya Kwale inapochepuka kutoka barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Nilimpelekea fundi mashine yangu ya CD, ya tangu miaka ya themanini. Diski inazunguka, dakika zinahesabika, sauti hamna. Akaifungua, akagusa chipu moja nyeusi iliyoandikwa TDA1541.

"Mwalimu, king'amuzi chake hiki ndicho kilichokufa."

Nikatabasamu. Wengi wetu tulilizoea neno hilo mwaka 2015, Kenya ilipozima mitambo ya runinga ya analogi. Lakini je, ndilo neno la chipu hii?

Diski haina sauti ndani yake, ina tarakimu: sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa kila upande wa kulia na wa kushoto. Spika nayo haijui hesabu, inajua tu umeme unaopanda na kushuka. Lazima awepo wa kuzigeuza namba ziwe umeme.

Kazi hiyo ilianza kwa ubishi. Philips wa Uholanzi walikuwa na chipu ya biti 14, TDA1540, yenye ngazi 16,384 za sauti. Sony wa Japani wakashikilia biti 16, yaani ngazi 65,536, na wakashinda. Waholanzi hawakuitupa chipu yao. Waliiendesha kwa kasi mara nne, sampuli 176,400 kwa sekunde, na kwa ujanja wa hesabu wakafidia biti mbili zilizopungua. Sony wenyewe, katika CDP-101 ya Oktoba 1982, waliweka chipu moja tu, ikihudumia masikio mawili kwa zamu! TDA1541 ya biti 16 ilikuja baadaye. Zilizo bora zaidi zilipigwa alama ya taji, na wapenzi wa muziki wangali wanazisaka.

Sasa turudi kwa neno. Kung'amua ni kutambua kilichofichika. Katika mashine hiyo hiyo ipo chipu nyingine inayofumbua msimbo wa diski na kusahihisha makosa yaletwayo na mikwaruzo. Hiyo ndiyo king'amuzi hasa. TDA1541 ni kigeuzi: inaichukua dijitali na kuirudisha kuwa analogi. (Naam, analogi ile ile iliyogeuzwa tusi katika kampeni za 2013. Bila hiyo sikio halipati kitu.)

Nilimweleza fundi yote haya. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaanza kurudisha skrubu.

"Sawa, mwalimu, kigeuzi. Lakini hapa hakipatikani. Labda ujaribu Mombasa."