Wati 20 za Kirangozi

Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya Tabora. Abiria wengi wa Kigoma huipita wakiwa usingizini. Mtu wa msafara wa karne ya 19 hakuwa na anasa hiyo. Alifika upande huu akiwa ametoka kuvuka Mgunda Mkali, pori kame kati ya Ugogo na Tura, na huko ukikosa maji umekwisha. Aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi. Mzigo wake ulikuwa mwepesi, maana kazi yake kubwa ilikuwa kichwani. Kwenye njia panda aliifunga njia isiyofaa kwa tawi, au kwa mstari aliouchora ardhini kwa mguu, ili wa nyuma wasipotee.

Namfikiria mtu huyu kila unapozuka ule ubishi wa ubongo na akili mnemba. Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.4 hivi na unatumia kama wati 20, chini kabisa ya balbu zile za zamani. Mwaka 2013 watafiti wa Japani na Ujerumani waliitumia kompyuta iitwayo K kuiga mtandao wa seli za neva bilioni 1.73, sehemu ndogo tu ya zile bilioni 86 alizonazo kila mmoja wetu. Sekunde moja ya kazi hiyo iliichukua kompyuta dakika 40, nayo ni mashine ya kula megawati zaidi ya 10. Wati 20 kwa megawati! Wengi wakifika hapo hushangilia: binadamu hatashindwa.

Mimi sishangilii, na sababu yangu iko kwenye njia hii ya Tabora.

Pagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32. Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, tuseme robo tatu ya kilo. Piga hesabu: siku arobaini na kitu tu, ameshakula uzito wa mzigo wake. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 7. Kwa upande wa mabega, basi, treni haikuwa na mpinzani.

Lakini kichwa cha kirangozi je? Hicho treni haikukishinda hata siku moja. Injini ya moshi haijui kusoma nyayo, haijui mtemi gani ana hasira na hongo kiasi gani itamtuliza. Haikuhitaji kujua. Wajerumani walianza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na yale maswali ambayo kirangozi alikuwa akiyajibu yakaondolewa njiani. Ubongo wake ulibaki na ufanisi uleule, wati zilezile, ila hakuna aliyeuuliza kitu.

Na unafuu wa binadamu una upande wake mchungu. Vita ilipoanza 1914, reli haikufika kila palipopiganwa, na mamia ya maelfu ya Waafrika wakabebeshwa mizigo ya majeshi. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Walikuwa na ufanisi, ndiyo: walikula kidogo na walipatikana kirahisi.

Kwa hiyo wahandisi wanapojitahidi kupunguza umeme wa mashine, mimi nasikiliza kwa sikio moja. Wanapiga hatua kweli. Mwaka 2024 Intel ilitangaza Hala Point, mfumo wenye nyuroni bandia bilioni 1.15, unaotumia wati 2,600 zikizidi sana. Bado uko mbali na wati zetu 20, ila pengo si lile la 2013. Swali langu ni kazi zipi zitatandikiwa reli kabla pengo hilo halijazibwa: karani, mfasiri, sisi wa magazetini.

Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walichapisha vipimo vya madereva wa teksi wa London, watu wanaokariri maelfu ya mitaa. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalotunza ramani, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine, na ilizidi kadiri dereva alivyokaa kazini. Ya kirangozi hakuna aliyeipima. Sasa reli ya umeme inajengwa kuelekea Tabora.