Kaizari asiye na vina: tamthilia ambayo Mwalimu aliiandika mara mbili

Kila inapofika Oktoba 14, redio zetu hufungua kabati lile lile. Hotuba za zamani hutolewa vumbi, sauti ya Mwalimu husikika ikikwaruza kidogo, na katikati ya wasifu wa marehemu mtangazaji hupenyeza sentensi moja: Mwalimu Julius Nyerere pia alitafsiri vitabu vya William Shakespeare kwa Kiswahili. Basi. Kinachofuata ni wimbo. Sijawahi kumsikia hata mtangazaji mmoja akisoma walau ukurasa wa kitabu chenyewe.

Safari hii niliamua kukitafuta. Katika duka la kwanza muuzaji alinielekeza kwenye rafu ya vitabu vya dini, kwa sababu ya neno Kaizari. Katika duka la pili waliniandikia jina la kitabu kwenye daftari na kuniahidi watanipigia, bado nasubiri. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba, juu ya turubai kando ya barabara, kimebanwa kati ya mitihani ya hesabu ya darasa la saba na kitabu cha mapishi. Kina muhuri wa maktaba ya shule, hakina jalada la nyuma, na bei yake haikufika ya sahani ya wali maharage.

Ni toleo la 1969, *Juliasi Kaizari*. Hilo ni la pili. La kwanza lilitoka 1963 likiitwa *Julius Caezar*, na yote mawili yalichapishwa na Oxford University Press. Yaani mtu mwenye nchi mpya mikononi, mwenye jeshi, njaa, shule na Muungano wa kushughulikia, alitafsiri tamthilia nzima, kisha akairudia. Redio haisemi hilo, nami naona ndilo jambo kubwa zaidi katika habari hii.

Kisa chenyewe wengi wanakijua. Machi 15, mwaka 44 kabla ya Kristo, maseneta wa Roma walimzunguka Julius Caesar na kumchoma visu. Waandishi wa kale wanahesabu majeraha 23. Miongoni mwa wauaji alikuwemo Brutus, mtu aliyempenda Caesar na kupendwa naye, aliyeamini kwamba anaiokoa jamhuri isigeuke ufalme. Miaka miwili baadaye Brutus na mwenzake Cassius walishindwa vitani Philippi, wakajiua. Jamhuri waliyotaka kuiokoa haikurudi.

Shakespeare aliiigiza habari hiyo London mwaka 1599. Tunajua kwa sababu mgeni kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliitazama Septemba mwaka huo na kuiandika katika kumbukumbu za safari yake. Lakini Shakespeare hakuyatoa haya kichwani. Aliyatoa kwa Plutarch, Mgiriki, na wala hakumsoma kwa Kigiriki. Plutarch alikuwa amefasiriwa kwa Kifaransa na Jacques Amyot mwaka 1559, kisha Thomas North akakifasiri hicho Kifaransa cha Amyot kwa Kiingereza mwaka 1579. Shakespeare alisoma tafsiri ya tafsiri. Wanaosema Mwalimu alipoteza muda wake kumpigia Mwingereza magoti wangelikumbuka hili: Mwingereza mwenyewe alikuwa anakula chakula kilichopashwa moto mara mbili, na hakuna aliyemcheka.

Wala Mwalimu hakuwa Mwafrika wa kwanza kuishika kazi hii. Sol Plaatje wa Afrika Kusini aliitafsiri tamthilia hiyo hiyo kwa Kisetswana, na ikachapishwa 1937, miaka mitano baada ya kifo chake. Na jina Kaizari halikuwa geni pwani wala bara. Wasomaji wa Injili walishamjua Kaisari wa kulipwa kodi. Wazee waliomlea Nyerere kule Butiama, alikozaliwa 1922, walikuwa wametoka kutawaliwa na Kaiser wa Ujerumani, na cheo hicho si kingine ila jina la Caesar lililokaa katika kinywa cha Mjerumani.

Shuleni tamthilia hii ilifika na Waingereza. Ni fupi kuliko nyingi za Shakespeare, haina matusi ya kumtia mwalimu aibu, na ina hotuba mbili za mazishini zinazofaa kukaririwa. Brutus anapanda jukwaani kwanza, anaeleza kwa nathari, kwa hoja zilizopangwa vizuri, na umati unamshangilia. Kisha anapanda Antony, rafiki wa Caesar. Yeye anasema kwa shairi. Anawasifu wauaji kwa neno lile lile la heshima, analirudia tena na tena, hadi neno linaoza mdomoni mwake na umati unawasha mienge. Kijana wa shule aliyeota siasa angesoma nini kingine?

Mwalimu, aliyepitia Tabora, Makerere na Edinburgh kabla ya kwenda kufundisha Pugu, alieleza katika utangulizi wake kwamba alitaka Kiswahili kitumike zaidi, maana lugha hukua kwa kutumiwa. Wahakiki wengi wameishia hapo: Mwalimu alithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza. Mimi nadhani alifanya jambo la uchokozi zaidi, na ili kuliona lazima turudi kwenye vita vya washairi.

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Neno sheria halikuwa la mapambo. Shairi lazima liwe na vina na mizani, liimbike. Lisilo navyo si shairi. Washairi wengi waliokuwa wakijibizana magazetini wangekubaliana naye bila kusita. Mshororo wa kawaida ulikuwa na mizani 16, minane kwa minane, na vina vya kati vikalingana vyenyewe kwa vyenyewe, na vya mwisho vivyo hivyo. Ukikosea, wenzako walikusahihisha mbele ya watu.

Shakespeare, kwa sehemu kubwa ya tamthilia hii, hatumii vina. Anatumia mshororo wa mizani kumi, unaopanda na kushuka, usiomalizika kwa sauti inayolingana na jirani yake. Mfasiri alikuwa na njia tatu. Angeweza kuandika nathari na kumaliza mapema. Angeweza kumvisha Caesar kanzu ya utenzi, na wazee wangempigia makofi. Alichagua ya tatu: shairi la Kiswahili lililo na mapigo lakini halina vina.

Jaribu mwenyewe uone ugumu wake. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja. Watu wawili wanaweza kupanga mauaji, kuogopa na kuahirisha ndani ya mshororo mmoja. Kwa Kiswahili, neno "hatutamuua" pekee limekwisha kula mizani sita. Tena mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mshororo hauwezi kutua kwa kishindo kama wa Mwingereza. Hutua taratibu, kama mtu anayeweka mtungi chini. Kushika hesabu hiyo tendo baada ya tendo, matendo matano, bila msaada wa kina cha kukuvuta mbele, ni kazi ya fundi.

Na sasa tazama nani alikuwa nani. Mwaka 1963, kitabu kilipotoka, Amri Abedi alikuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya Nyerere. Rais anavunja sheria za Waziri wa Sheria! Amri Abedi alifariki 1964. Ugomvi wenyewe ulilipuka baadaye, pale Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake, *Kichomi*, mwaka 1974 na vijana wa Chuo Kikuu wakaanza kuandika mashairi huru. Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, waliwaita waharibifu, watu wa kuiga Uzungu. Karatasi nyingi zilichafuka. Jumanne Mayoka alikuja kuupa ugomvi huo kitabu kizima, *Mgogoro wa Ushairi*. Kezilahabi alipigwa mawe kwa kutupa vina. Mwalimu alikuwa amevitupa miaka kumi na mmoja kabla yake, na wengi wakapita kimya. Pengine kwa sababu ilikuwa tafsiri. Pengine kwa sababu alikuwa Rais.

Ndani ya tamthilia yenyewe yupo malenga anayepata tabu zaidi. Anaitwa Cinna. Umati uliochochewa na Antony unamkamata njiani, kwa kuwa mmoja wa wauaji naye anaitwa Cinna. Maskini anajitetea kwamba yeye ni mshairi tu. Wanaamua kumuua hata hivyo, kwa ubaya wa mashairi yake. Wanamapokeo wetu, nakiri, hawakufika huko.

Wengine hupenda kuisoma tafsiri hii kama utabiri. Wanaonyesha kwamba Januari 1964, miezi michache baada ya toleo la kwanza, askari wa kambi ya Colito waliasi, Rais akajificha, na Oscar Kambona, rafiki na waziri wake, ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Wanaonyesha kwamba toleo la pili lilitoka 1969, wakati Kambona ameshakimbilia London tangu 1967, na mwaka huo huo wa 1969 akina Bibi Titi Mohamed na Michael Kamaliza wakakamatwa kwa tuhuma za kutaka kupindua serikali. Kesi ilianza 1970. Ni hadithi tamu, lakini inamfanya mfasiri kuwa mpiga ramli. Aliyerudi kwenye kitabu 1969 alirudi kama mwandishi asiyeridhika na mishororo yake. Hata jina alilitia ukarabati: Julius akawa Juliasi.

Mwaka huo huo akatoa *Mabepari wa Venisi*, tafsiri yake nyingine ya Shakespeare. Shakespeare katika jina lake ana mfanyabiashara mmoja. Mwalimu, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akaleta mabepari, tena wengi. Alamin Mazrui na wahakiki wengine wameliandika sana neno hilo, na kwa haki. Matokeo yake, *Mabepari* imepata wahakiki na *Kaizari* imepata vumbi. Samuel Mushi naye alitoa *Makbeth* na *Tufani* miaka hiyo hiyo. Hizo zimesahauliwa kabisa.

Kwingine Caesar anaendelea kuishi. Desemba 16, 1977, katika gereza la Robben Island, Nelson Mandela alitia sahihi yake pembeni mwa maneno ya Caesar kuhusu waoga na kifo, katika kitabu kilichokuwa kikipitishwa kwa siri kati ya wafungwa. Mwaka 2012 kampuni ya kifalme ya Shakespeare ilimweka Caesar katika nchi ya Kiafrika, kwa waigizaji weusi watupu. Kwetu, Mwalimu mwenyewe aliachana naye. Uzeeni alirudi kwenye vina: *Utenzi wa Enjili*, uliotoka 1996, umetungwa kwa njia ya wazee, kana kwamba aliona deni lake kwa Amri Abedi limekaa mno.

Nyumba ya uchapishaji yenye ujasiri ingeweza kuyatoa matoleo yote mawili ndani ya jalada moja, kushoto la 1963 na kulia la 1969, ili mwanafunzi aone mtu mzima akijisahihisha. Ingekuwa somo bora la ushairi kuliko maelezo mengi ya darasani. Wakati tukisubiri, msomaji, kagua makabati ya wazee. Ukiokota *Julius Caezar* ya 1963, usiiuze kwa kilo ikaenda kufungia karanga. Nakala yangu mimi imeng'oka kurasa za mwisho, na Brutus bado hajafa.