Simu ya Upepo Isiolo na Habari za Mawimbi Marefu

Mji wa Isiolo, ulio kaskazini kidogo ya mstari wa Istiwai, mahali ambapo mteremko wa Mlima Kenya unakwisha na nyika ya Waborana, Wasamburu na Wasomali inaanza, ulikuwa katika zama za utawala wa Waingereza makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nchi pana iliyofika Moyale na Mandera, ambayo tangu mwaka 1926 ilifungwa, mtu asiingie wala asitoke bila ya idhini ya serikali. Maofisa waliokaa hapo wameandikwa vya kutosha: Gerald Reece, aliyekuja kuwa gavana wa Somalia ya Waingereza, na Richard Turnbull, aliyekuwa gavana wa mwisho wa Tanganyika; na hata Elsa, simba jike aliyelelewa na bwana nyama wa Isiolo, George Adamson, na mkewe Joy, ana vitabu vyake na filamu yake. Lakini watu walioketi mbele ya simu ya upepo, yaani redio ya mawasiliano, na visikizi masikioni, na mafundi walioihuisha kila ilipozimika, hawakupata mwandishi, ilhali kazi yao ndiyo iliyowezesha nchi ile kusemeshwa na kusikilizwa.

Kabla ya chombo hicho kufika, habari ya Wajir au ya Mandera ilikwenda kwa miguu ya tarishi na ya ngamia, mwendo ukihesabiwa kwa visima, na ofisa aliyeuliza neno mwanzo wa mwezi yamkini alipata jawabu baada ya jambo lenyewe kwisha.

Wala Afrika Mashariki haikuwa ya mwisho kuonja elimu hii. Marconi alipokea ishara kuvuka bahari ya Atlantiki mwezi wa Desemba 1901, na Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Wadachi walikuwa wamekwisha simamisha mitambo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam. Manowari ya Kiingereza Astraea ilipofika mbele ya Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914, shabaha ya mizinga yake ilikuwa mtambo huo wa simu ya upepo, maana Waingereza walijua kuwa adui asiyeweza kunena na wenziwe amekwisha pungukiwa na nusu ya nguvu zake. Na Novemba 1917 kulitokea ajabu ambayo kwangu mimi yazidi nyingine zote za vita vile. Merikebu ya hewani L59 iliondoka Jamboli, katika Bulgaria, imechukua risasi na dawa kwa ajili ya jeshi la Wadachi la kamanda Lettow-Vorbeck lililokuwa likipigana huku kwetu; ikavuka bahari ya Mediterania, ikapita juu ya jangwa la Misri, ikaingia Sudan, ndipo ilipofikiwa na amri ya kurudi, iliyopelekwa kwa mawimbi marefu kutoka Nauen, karibu na Berlin. Ikageuka, ikatua huko huko ilikotoka baada ya saa 95 hewani na mwendo wa kilomita 6,800 hivi. Hivyo neno moja lililotamkwa Ulaya lilibadili safari ya chombo kilichokuwa juu ya mchanga wa Afrika, wala hapana waya uliounganisha pande hizo mbili.

Mawimbi hayo marefu, ambayo kila moja huzidi kilomita kwa urefu wake, yana sifa ya kuambaa na uso wa ardhi na kufuata mviringo wa dunia, na kwa sababu hiyo mataifa makubwa yaliyategemea kwa miaka mingi. Ila katika nchi zetu yana madhara mawili. La kwanza ni gharama: wimbi refu hutaka milingoti mirefu na mitambo mikubwa, mali ambayo hapana boma la nyikani lingeweza kuipata. La pili, lililo zito zaidi, ni radi. Kila mmweso wa umeme wa mbinguni hurusha mawimbi yake wenyewe, na nguvu za mawimbi hayo ni nyingi mno katika masafa ya chini, kisha hupungua kadiri masafa yanavyopanda. Basi mpokeaji wa mawimbi marefu katika nchi ya joto husikia, badala ya ishara aliyoingojea, mvumo na mapasuko yasiyo na kikomo. Pande za Ziwa Victoria na kijiji cha Kifuka, mashariki ya Kongo, zimehesabiwa miongoni mwa mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani, na sauti za radi hizo hazijui mpaka. Katika misimu miwili ya mvua, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Desemba, Isiolo nayo huwa katikati ya kelele hiyo, hasa alasiri na usiku.

Waliotuokoa ni watu ambao hawakupewa heshima yoyote. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwasukuma wanaredio wa ridhaa, yaani wale waifanyao kazi hii kwa mapenzi tu bila ya ujira, kwenye mawimbi ya mita 200 na yaliyo mafupi zaidi, kwa kuwa wakubwa waliyadhani hayana faida. Novemba 1923 Fred Schnell wa Marekani na Léon Deloy wa Ufaransa wakazungumza kuvuka Atlantiki kwa mawimbi ya mita 100 na kitu, na ikadhihirika kuwa takataka iliyotupwa ilikuwa johari. Baada ya hapo mtambo mdogo wa betri, na waya uliofungwa baina ya miti miwili ya mgunga, uliweza kufika mamia ya kilomita.

Kwa mawimbi hayo mafupi, basi, kaskazini ya Kenya iliunganishwa. Waitalia walipoiteka Moyale mwezi wa Julai 1940, na barabara ya Isiolo kwenda Marsabit ikawa njia ya majeshi, simu ya upepo ilikuwa imekwisha kuwa kiungo cha vita. Katika miaka ya vita vya Shifta, yaani waasi wa kaskazini, tangu hali ya hatari ilipotangazwa Desemba 1963 hata mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, vituo vya polisi na vya utawala vilivyokuwa mbali na barabara vilitegemea sauti hiyo kujua kama majirani wao wamepambazukiwa salama. Na upande wa rehema, shirika la AMREF, lililoasishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, liliziunganisha hospitali za misheni na zahanati za nyikani na Nairobi kwa njia iyo hiyo, hata mgonjwa wa mbali akaweza kuulizwa hali na kutumiwa ndege.

Fundi wa kazi hii alikuwa mtu wa aina ya peke yake. Adui zake walikuwa joto, vumbi jembamba lipenyalo kila tundu, betri zilizokauka, na mchwa wanaokula mlingoti wa mti tangu chini. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 redio za jeshi, kama ile ya namba 19 iliyotumia valvu ya 807 kukuza nguvu ya mawimbi, ziliuzwa kwa bei rahisi katika nchi nyingi, na wanaredio wa ridhaa wakazifumua na kujenga mitambo yao wenyewe. Wale wa Kenya walitambulikana hewani kwa herufi VQ4, na baada ya uhuru kwa 5Z4, alama ambayo ingali yao mpaka leo.

Sasa wanaredio hao wamerejea kwenye mawimbi marefu yaliyoachwa na wakubwa. Uingereza iliwaruhusu kilohezi 136 mwaka 1998. Mkutano wa dunia wa mawasiliano uliofanyika Geneva mwaka 2007 ukatenga kilohezi 135.7 hadi 137.8 kwa ajili ya ridhaa, kwa sharti kuwa nguvu inayonururishwa isizidi wati moja, na ule wa mwaka 2012 ukaongeza kilohezi 472 hadi 479, ijapokuwa mawimbi yake hayafiki kilomita. Wati moja yaonekana sadaka ndogo. Bali mwenye kujaribu kuifikisha hewani kwa chombo alichojenga mwenyewe hujua ugumu wake. Mlingoti wa mita 15 mbele ya wimbi la kilohezi 136, lenye urefu wa mita 2,200, ni kijiti. Ukinzani wake wa kunururisha haufiki sehemu ya kumi ya omu moja, ilhali ardhi kavu kama ya Isiolo yaweza kuula umeme kwa ukinzani wa omu 50 na zaidi, hata katika wati 500 zitokazo kwenye amplifaya wati moja isitimie hewani. Ni sawa na kumnywesha ngamia kwa kijiko. Kwa ajili hiyo amplifaya ya mawimbi marefu hujengwa kubwa, na kwa ajili hiyo huungua.

Ikiungua au ikizimika, mwenye pupa hukimbilia kuifumua na kubadili transista moja baada ya nyingine, na hizo mpya nazo zikafa. Mwenye adabu ya kazi huanzia nje. Huitenga amplifaya na waya wa angani, akaiunganisha na mzigo bandia wa omu 50 uwezao kuhimili joto, kisha akatazama mkondo unaovutwa kutoka katika betri. Mkondo ukiwa wa kadiri na transista zikabaki baridi, amplifaya haina hatia. Kosa liko katika waya, koili au ardhi, na aghalabu ndiko liliko. Waya mfupi katika masafa haya ni kama kondensa, sharti upatanishwe kwa koili kubwa, na upatano huo ni mwembamba mno: mvua ikiulowesha mlingoti, au tawi la mgunga likausogelea waya, upatano umevunjika, nguvu inarudi ilikotoka, na transista ndizo zinazolipa. Ardhi nayo hutaka vyuma vingi vilivyozikwa na waya zilizotandazwa pande zote. Wazee walimwagia maji ya chumvi penye vyuma hivyo wakati wa kiangazi, na walikuwa na haki.

Mzigo bandia ukithibitisha kuwa kosa liko ndani, kuna mambo matatu ambayo mimi ningeyatazama kabla ya mengine. Transfoma iliyonakiliwa kutoka katika ramani ya mawimbi mafupi huwa na mizunguko michache mno kwa kilohezi 136. Kiini chake hushiba usumaku, na mkondo ukapanda ghafula pasipo nguvu kuongezeka. Transista za kisasa za kuwasha na kuzima hutaka msukumo wa volti 10 hadi 12 kwenye malango yake. Ukipungua hubaki nusu wazi na nusu fungwa, na hapo ndipo joto linapozaliwa, jambo ambalo oskiloskopu hulionyesha waziwazi kwa wimbi lililolegea mabega. Tena zipo kondensa za bei rahisi zinazopata moto katika kichujio, zikabadilika kipimo. Hizo hugunduliwa kwa kidole, chombo kikiisha zimwa na umeme wote kutolewa.

Nawasihi, basi, jamaa za Isiolo, Garba Tula, Merti na Marsabit ambao baba zao au babu zao walikuwa wapokezi na mafundi wa simu ya upepo, katika polisi, katika jeshi au katika misheni, wasiyatupe madaftari yao ya zamani wala michoro iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, bali wapeleke nakala katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, na wawaandike wazee walio hai kabla kumbukumbu zao hazijapotea. Na kijana anayetaka kujaribu mawimbi marefu kwa mikono yake na aende kwanza Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya akaombe leseni.