Bunduki Fupi za Winchester

Bunduki za Winchester za Marekani zina mkono chini yake: ukishushwa ganda tupu hutoka, ukirudishwa risasi mpya huingia. Zile za mwaka 1892 na 1894 zilibuniwa na John Browning. Mtutu wa bunduki fupi ya kawaida ulikuwa wa inchi 20. Lakini kiwanda kilitengeneza pia chache za inchi 14, 15 na 16, ambazo wakusanyaji huziita za wategaji.

Sheria ya mwaka 1934 iliagiza bunduki zenye mtutu chini ya inchi 18 ziandikishwe, na kodi ya kuihamisha moja ikawa dola 200, fedha iliyoshinda bei ya bunduki yenyewe. Baadaye kipimo kikashuka hadi inchi 16, na baadhi ya zile za kale zikasamehewa.

Leo uchache umezipandisha bei, na tamaa imezaa hila: wako wakatao mitutu mirefu. Akatizaye chini ya inchi 16 pasipo ruhusa avunja sheria, na bunduki yake yapoteza thamani. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huchungua mdomo wa mtutu, kisha huuliza nambari katika vitabu vya kiwanda vilivyohifadhiwa Cody, Wyoming.

Nasi twajifunza: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.