Wewe kabila gani?

Swali lenyewe nililiuliza siku ya tatu, tukiwa kantini, mbele yangu sahani ya wali na maharage. Jamaa niliyekaa naye alikuwa amenichangamkia tangu nilipofika. Kiswahili chake alikiokota kwenye Bongo Fleva na kwa madereva wa malori, na tulikuwa tumeshacheka vya kutosha kiasi cha mimi kujiona mwenyeji. Basi nikamwuliza kama ninavyomwuliza mtu yeyote Dar: "Hivi wewe kabila gani?"

Mezani tulikuwa sita. Vijiko vikatulia. Jamaa akatabasamu, tabasamu la mtu anayekusitiri mbele za watu, akasema: "Mimi Mnyarwanda. Kula, chakula kinapoa."

Kwetu, ndugu msomaji, swali hilo ni mlango wa utani. Ukiniambia Mchaga nitakuuliza habari za pesa, ukiniambia Mhaya nitakuomba usianze kunitajia digrii zako. Tunacheka, tunaagiza soda nyingine, maisha yanaendelea. Sikujua kwamba nimevuka mpaka mmoja tu na kuingia nchi ambayo swali hilo liliwahi kuulizwa na mwalimu darasani, likaandikwa kwenye daftari, na baadaye likaulizwa kwenye vizuizi vya barabarani na watu wenye mapanga.

Nilikuwa Huye, mji wa chuo kikuu kusini mwa Rwanda, kwa mafunzo ya wiki sita. Vitabu vya zamani vinauita Butare, na vya zamani zaidi Astrida, jina la malkia wa Ubelgiji. Nilikwenda kwa basi, njia ya Kahama hadi Rusumo, miguu imevimba kama ya mjamzito. Pale Rusumo mto Kagera unapita chini ya daraja, una rangi ya chai ya maziwa. Nilipiga picha kama mtalii mwingine yeyote. Baadaye ndipo nilipoanza kuunganisha mambo: mto huu ndio ulioteremsha maiti mpaka Ziwa Victoria mwaka 1994, hata watu wa kando ya ziwa wakaacha kula samaki. Na daraja la hapo ndilo walilovuka watu wapatao 250,000 kwa kama saa ishirini na nne, mwishoni mwa Aprili mwaka huo, kuingia Ngara. Miongoni mwao walikuwemo wasio na hatia na walikuwemo wauaji, wote wakiomba maji kwa wanakijiji wetu. Desemba 1996 serikali yetu ikawaambia warudi kwao kabla mwaka haujaisha.

Nimesoma Historia mpaka kidato cha sita. Niamshe usiku wa manane nitakutajia sababu za Mkutano wa Berlin kwa mpangilio wake. Lakini kwamba Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Mjerumani hadi 1916, kisha vita vikatugawa, sisi kwa Mwingereza na wao kwa Mbelgiji, hilo nililisoma kama jambo la ramani tu. Na kwamba ndege ya Rais Habyarimana iliyodunguliwa Kigali usiku wa Aprili 6, 1994 ilikuwa ikitoka Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa nchi, hilo nililijulia kule Huye. Mtoto wa Dar mimi! Walipaa kutoka uwanja wetu, yeye na Rais Ntaryamira wa Burundi, na wote wawili wakafa.

Turudi kwa yule jamaa. Jioni alinifuata bwenini. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, akanikatiza. Akanisimulia habari za mama yake.

Mama yake alikuwa darasa la pili au la tatu, miaka ya themanini. Mwalimu mgeni akaingia na kusema: Wahutu simameni. Wakasimama wengi. Kaeni. Watutsi simameni. Wakasimama wachache, vichwa chini. Yule binti hakujua asimame lini, nyumbani hakuna aliyewahi kumwambia. Alisimama mara ya kwanza kwa sababu rafiki yake wa dawati moja alisimama. Mwalimu akaangalia daftari lake, akamwambia akae, aende akamwulize baba yake yeye ni nani. Alirudi nyumbani na swali hilo akiwa na miaka minane au tisa. "Mpaka leo," jamaa akaniambia, "mama anakumbuka baba yake alivyonyamaza."

Usidhani huyo alikuwa mwalimu mmoja mkorofi. Ilikuwa kazi ya shule. Tangu mwaka 1929 hapo hapo Astrida palikuwa na shule ya mabruda iliyoandaa watawala wasaidizi wa Mbelgiji, na waliopewa kipaumbele ni watoto wa Kitutsi, tena wa koo za machifu. Miaka ya thelathini Mbelgiji akahesabu watu na kuwapa vitambulisho vyenye neno la kabila. Mtu aliyekuwa akiitwa Mhutu au Mtutsi kwa hali yake, kwa ng'ombe wake, kwa nasaba na urafiki wake na wakubwa, sasa akawa hivyo kwa karatasi, yeye na watoto wake. Yalipokuja mapinduzi ya 1959 na uhuru wa 1962, mizani ikageuzwa lakini haikutupwa. Mapema 1973 wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa mashuleni na chuoni, majina yao yakibandikwa kwenye orodha ukutani. Habyarimana alipochukua nchi Julai mwaka huo, jambo likapewa utaratibu na jina zuri, iringaniza, yaani kusawazisha. Nafasi za sekondari zikagawiwa kwa kabila na kwa mkoa. Mtoto anafaulu, jina lake halitokei.

Kuna mwanamke mmoja ambaye ningependa ajulikane zaidi huku kwetu. Agathe Uwilingiyimana alitokea upande huo huo wa Butare, alikuwa mwalimu wa kemia na alifundisha hapo chuo kikuu. Mwaka 1992 aliteuliwa Waziri wa Elimu. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu, kwa hiyo mgawo ule haukuwa ukimwumiza yeye. Akaufuta. Nafasi zikatolewa kwa alama, basi. Kwa hilo alitengeneza maadui wengi kuliko waziri mwingine anavyotengeneza kwa kuiba. Julai 1993 akawa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza nchini humo kushika kazi hiyo. Asubuhi ya Aprili 7, 1994, saa chache baada ya ndege kuanguka, askari walimfuata wakamwua, na askari kumi wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliotumwa kumlinda wakauawa pia. Watoto wake walijificha, na waliokolewa na kapteni wa Kisenegali, Mbaye Diagne, ambaye naye hakuimaliza vita ile. Mwalimu wa kemia! Kila nikipita kwenye maabara za chuo nilikuwa nikimfikiria.

Butare yenyewe ilichelewa kuwaka. Mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, alikuwa Mtutsi pekee mwenye cheo hicho nchi nzima, na kwa karibu wiki mbili alizuia damu isimwagike, watu wakawa wanakimbilia kwake kutoka mikoa mingine. Akaondolewa. Aprili 19 rais wa serikali ya muda alikuja mjini akahutubia, akiwasema wanaokaa pembeni kana kwamba kazi haiwahusu. Baada ya hapo wahadhiri, wanafunzi, wagonjwa hospitalini, hata mjane wa mfalme, Rosalie Gicanda, bibi kizee, wote waliwindwa. Nilisoma kwenye maktaba ya chuo hicho, nikilalamika intaneti ni ya taratibu, na nje ya dirisha kuna mti mkubwa na nyasi zilizokatwa vizuri. Nyasi zile zilinisumbua sana.

Kinachonishinda mimi ni kwamba wakosaji hawakuwa wajinga. Sisi tumelelewa na msemo kwamba adui ni ujinga, maradhi na umaskini. Jean-Paul Akayesu, mtu wa kwanza duniani kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, Septemba 2, 1998, pale pale Arusha, alikuwa mwalimu kisha mkaguzi wa shule kabla ya kuwa meya wa Taba. Pauline Nyiramasuhuko, waziri wa familia na maendeleo ya wanawake, mzaliwa wa Butare, alihukumiwa Arusha mwaka 2011 pamoja na mwanawe, na kati ya makosa yake ni ubakaji wa wanawake wenzake. Adhabu yake ilipunguzwa mwaka 2015 ikawa miaka 47. Wasomi hao. Watu wa kalamu nyekundu na daftari la mahudhurio.

Wiki ya nne nilikwenda Murambi. Kutoka Huye si mbali, unapanda basi hadi Nyamagabe, kisha pikipiki (na kofia unapewa, usipovaa dereva haondoki). Nilikuwa nimetegemea jengo la kutisha. Nilikuta shule. Madarasa ya matofali kwa safu, juu ya kilima, vilima vingine vimeizunguka kama viti vya uwanja wa mpira. Ilikuwa shule ya ufundi iliyokuwa ikijengwa, haijapata hata wanafunzi. Aprili 1994 viongozi waliwaambia Watutsi wakusanyike hapo, watalindwa. Wakaja kwa maelfu. Maji yakakatwa. Chakula hakuna. Aprili 21, kabla hakujapambazuka, wakavamiwa. Walijitetea kwa mawe, na mtu ambaye hajala kwa siku kadhaa atarusha mawe mangapi? Kumbukumbu ya hapo inataja watu wapatao 50,000. Wapo watafiti wanaotaja pungufu. Nilijikuta nikibishana kichwani na tarakimu, ugonjwa wa waandishi, mpaka nilipoingia ndani.

Baadhi ya miili ilifukuliwa na kuhifadhiwa kwa chokaa. Ni myeupe. Sitaeleza sana. Nitasema tu kwamba kulikuwa na mtoto aliyefunika uso kwa mikono, na kwamba chumba kilikuwa darasa. Unajua darasa linavyokuwa: dirisha upande huu, mlango pale mbele, mahali pa ubao. Mimi nikingia darasani lolote macho yangu hutafuta viti vya nyuma. Nilifanya hivyo hivyo pale, bila kufikiri.

Nje kuna kibao kinachosema kwamba wanajeshi wa Kifaransa waliopiga kambi hapo kuanzia Juni walicheza mpira wa wavu jirani na makaburi ya halaiki. Tangu 2023 mahali hapo pamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwongozaji, mzee mpole, alinisindikiza mpaka getini, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akasema kwa Kiswahili: "Karibu tena," kisha akaona haikai sawa, akacheka kidogo, nami nikacheka. Sijui kama ilifaa kucheka.

Jamaa yangu hakwenda nami. Alisema amekwenda mara moja akiwa sekondari na inatosha. Badala yake aliniambia, "Uende na Nyange, usiondoke na Murambi peke yake." Sikupata nafasi ya kufika, nasimulia kama alivyonisimulia na kama nilivyosoma baadaye. Nyange ni kule magharibi. Aprili 1994 kanisa la hapo liliangushwa kwa tingatinga watu wakiwa ndani, na padri wake, Athanase Seromba, alihukumiwa maisha Arusha mwaka 2008. Miaka mitatu baada ya kanisa kuanguka, usiku wa Machi 18, 1997, waasi wenye silaha waliingia shule ya sekondari hapo hapo Nyange, wanafunzi wa vidato vya juu wakiwa wanajisomea. Wakaamuru: Wahutu huku, Watutsi kule. Swali la yule mwalimu, sasa lina bunduki. Wanafunzi wakajibu kwamba hapo hakuna Mhutu wala Mtutsi, wote ni Wanyarwanda. Wakaambiwa tena. Wakakataa tena. Risasi na mabomu ya mkono vikafuata. Sita walikufa, wengine walibaki na vilema. Leo wanahesabiwa mashujaa wa taifa, daraja moja na Agathe.

Walikuwa na umri wa kidato cha tano na sita. Mimi katika umri huo nilikuwa nikitoroka prepo kwenda kuangalia mpira.

Nimerudi kazini sasa, na wiki iliyopita nilikuwa mahakamani kufuatilia kesi ya wizi. Karani alisoma maelezo ya shahidi: jina, umri, kabila, dini, kazi. Sensa yetu iliacha kuuliza kabila baada ya ile ya 1967, lakini kwenye karatasi za kesi limebaki. Nimeshaandika maelezo ya namna hiyo mara nyingi tu, mkono unakwenda wenyewe. Safari hii baada ya kesi nilimfuata karani nikamwuliza kabila la shahidi linasaidia nini kwenye kesi ya pikipiki iliyoibwa. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

"Ipo kwenye fomu," akasema.