Chumvi ya Katwe: Mvunaji, Mfalme na Ushuru

Yapata kilomita 120 kaskazini-mashariki ya Kiwanja, karibu na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Edward nchini Uganda, kuna ziwa dogo liitwalo Katwe, lililomo ndani ya kasoko ya volkano. Maji yenye madini huingia humo lakini hayana mto wa kuyatoa. Jua huyakausha, chumvi ikabaki. Kabla ya ukoloni chumvi hiyo ilichukuliwa kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu hadi Ankole na Rwanda, ikabadilishwa kwa chakula, majembe na mifugo. Swali la kihistoria ni hili: nani hasa aliyeitawala mali hiyo?

Uvunaji wenyewe ulikuwa wa namna mbili. Chumvi ya mwamba ilivunjwa kutoka sakafu ya ziwa, ilhali chumvi safi ilivunwa wakati wa kiangazi katika vidimbwi vilivyochimbwa ukingoni na kutenganishwa kwa kingo za tope. Vidimbwi hivyo vilikuwa na wenyewe, na haki ya kuvitumia ilirithiwa katika familia.

Wafalme nao walikuja na kuondoka. Katika karne ya 18 nchi ya Busongora, iliyo na Katwe, ilikuwa chini ya uwezo wa Bunyoro. Mnamo 1830 hivi, Kaboyo, mwana wa mfalme wa Bunyoro, alijitenga na kuasisi Toro, na chumvi ikamfuata. Kabalega, aliyeanza kutawala Bunyoro mwaka 1870, aliirudisha kwa nguvu. Mwaka 1891 Lugard aliiteka Katwe na kujenga ngome ya Fort George, kusudi amnyime Kabalega pato lake. Hata Dola Huru la Kongo lilikuwa na dai, kwani Katwe iko magharibi ya longitudo ya 30 iliyotajwa katika mapatano ya 1894. Mkataba wa 1910 uliiacha upande wa Uganda, na wanunuzi wa Rutshuru wakawa ng'ambo ya mpaka.

Hata hivyo, katika mageuzi hayo yote mtawala hakuwa na haja ya kuvuna. Alichokipigania ni njia na ushuru. Mwenye kidimbwi aliitegemea njia hiyohiyo, kwa kuwa chakula chake kilitoka nje. Kwa hiyo milki ya kidimbwi haikumpa uwezo juu ya biashara, wala ushuru haukumpa mfalme ujuzi wa kuvuna.

Ujuzi huo ndio uliodumu. Kiwanda cha kisasa kilichojengwa Katwe baada ya uhuru kilishindwa katika miaka ya 1980, mabomba yake yakiliwa na maji ya chumvi. Vidimbwi vingali vinavunwa kwa mikono.